UZI: Jiwe moja kwenye kamba, kutoka Galileo mpaka fizikia ya kwanta

#1 Kamba na Jiwe

Wakuu, habari za leo. Uzi huu ni wa wale wanaosoma fizikia peke yao: waliomaliza shule na bado wana hamu, walioko mwaka wa kwanza chuoni, na mzazi ambaye mtoto wake kauliza swali mezani akakosa la kujibu.

Mimi shuleni nilikariri. Daftari langu la kidato cha pili lilijaa maana za maneno zilizopigiwa mstari kwa kalamu nyekundu, na mitihani nilifaulu. Nilipofika mada ya kwanta nikajiona mgeni kabisa. Hakuna hata sentensi moja iliyoshikana na nilichokuwa nacho kichwani. Nikakariri tena, nikafaulu tena, na sikuelewa chochote. Ilinichukua miaka kugundua kwamba nilikuwa na mlango mkononi tangu ile pratiko ya pendulo.

Ninachoamini ni hiki: badala ya kukimbiza mada ishirini, shika kitu kimoja kinachokwenda na kurudi, ukisome mara mbili. Kwanza kwa macho ya Galileo na Newton wa fizikia ya zamani, halafu kwa macho ya Planck na Heisenberg wa fizikia ya kwanta, ile ya vitu vidogo mno kama atomu.

Tuanze. Chukua uzi wa mita 1, funga nati ya gramu 50, ning'iniza kwenye msumari. Ivute pembeni sentimita 5, iachie. Hesabu ikienda na kurudi mara 20. Saa ya simu itakupa sekunde 40 na pointi kidogo. Sasa funga nati mbili badala ya moja. Sekunde ni zile zile! Usipite haraka hapa, kaa nalo hata siku nzima. Kwa nini uzito hauna neno? Kwa sababu dunia inavuta nati mbili kwa nguvu maradufu, lakini nati mbili nazo ni ngumu kusogezwa maradufu. Kimoja kinafuta kingine. Aliyeelewa hilo ameelewa sheria ya pili ya Newton kuliko aliyeiandika ubaoni mara mia. Kinachobaki ni urefu wa kamba (L) na mvuto wa mahali ulipo (g). Muda wa kwenda na kurudi mara moja (T) ni: T = 2π√(L/g).

Halafu nishati. Nati ikiwa pembeni kabisa imesimama, nishati yake yote iko kwenye kimo. Ikipita katikati, yote iko kwenye mwendo. Kwa nati yetu ni kama jouli 0.0006 tu. Hewa inaimega kidogo kidogo, na baada ya dakika kadhaa inatulia. Fizikia ya zamani inasema nishati hiyo inashuka kama maji yanavyoshuka kwenye ndoo inayovuja: hakuna kiwango inachokiruka.

Hapo ndipo Planck alipoguswa pabaya. Tarehe 14 Desemba 1900, mjini Berlin, alieleza hesabu yake ya mwanga wa vitu vilivyopata moto. Tazama mkaa jikoni: mwekundu, ukipepea unaelekea rangi ya machungwa. Kwa hesabu za zamani kila mtetemo ndani ya joto unastahili fungu sawa, na kwa kuwa mitetemo ya mawimbi mafupi haina mwisho, mkaa ungepaswa kumwaga urujuanimno, mwanga wa mawimbi mafupi usioonekana kwa macho, bila kikomo. Haumwagi. Planck akapata jibu sahihi pale tu alipokubali kwamba kitu kinachotetema hupokea nishati kwa mafungu (ndiyo kwanta zenyewe), na kila fungu ni hf: f ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, h ni namba ndogo mno, 6.626 × 10⁻³⁴.

Rudi kwenye nati yako. Inakwenda na kurudi mara 0.5 kwa sekunde, kwa hiyo fungu lake moja ni jouli 3.3 × 10⁻³⁴. Gawanya 0.0006 kwa hiyo. Unapata karibu 2 × 10³⁰. Nati yako iko kwenye ngazi yenye vipandio vingi hivyo, mbili ikifuatwa na sifuri thelathini! Inashuka kipandio kimoja kimoja, na jicho linaona mteremko laini.

Sasa punguza ukubwa. Molekuli ya monoksidi ya kaboni, ile hewa inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, ni atomu mbili zinazocheza kama zimeungwa kwa springi. Inatetema kama mara 6.4 × 10¹³ kwa sekunde. Kipandio chake kimoja ni jouli 4.3 × 10⁻²⁰, na joto la chumba la nyuzi 27 linaweza kutoa fungu la kawaida la jouli 4.1 × 10⁻²¹ tu, mara kumi pungufu. Matokeo yake karibu molekuli zote zinakaa chini kabisa ya ngazi, haziwezi kupanda hata kipandio kimoja. Kitu kile kile, hesabu ile ile, kilichobadilika ni ukubwa wa kipandio ukilinganisha na joto lililopo.

Karibuni tuchangie.

#2 Binti wa PCM

Shikamoo mkuu. Niko kidato cha sita. Hii ya vipandio imenifanya nitoe kikokotoo nikarudia hesabu zako zote, zimetoka. Swali langu: kama ni ngazi, ukifika chini kabisa si unasimama? Nati ikitulia ina nishati sifuri. Kwa nini kwenye notsi zetu ngazi ya chini imeandikwa nusu ya hf?

#3 Kamba na Jiwe

Marahaba dada. Swali hili ndilo lenyewe.

Ili nati iwe na nishati sifuri inabidi mambo mawili yatimie kwa pamoja: iwe katikati kabisa, na isiwe na mwendo hata chembe. Heisenberg alionyesha mwaka 1927 kwamba mahali na momenta (uzito wa kitu mara kasi yake) havibanwi vyote kwa wakati mmoja. Ukikibana kitu mahali, momenta yake inatawanyika. Ukiituliza momenta, mahali panatawanyika. Kuzidisha mtawanyiko wa kimoja kwa wa kingine hakushuki chini ya h gawanya kwa 4π. Kwa hiyo kitu kilicho chini ya ngazi kinatafuta suluhu: kinatawanyika kidogo mahali, kinatawanyika kidogo momenta, na gharama ndogo kabisa ya suluhu hiyo ni ½hf.

Naomba hapa tuwe makini, kwa sababu wengi tumefundishwa vibaya. Hili halihusu ubovu wa vifaa. Siyo kwamba tungekuwa na darubini nzuri zaidi tungeona. Hali yenyewe ya kitu haina mahali kamili na momenta kamili kwa pamoja.

Ushahidi? Heliamu. Vimiminika vingine vyote ukivipoza vya kutosha vinaganda. Heliamu kwa kanieneo ya kawaida ya hewa haigandi hata ukikaribia sifuri kamili, baridi ya mwisho kabisa. Atomu zake ni nyepesi na zinashikana kwa nguvu hafifu, ule mchezo wa chini ya ngazi unatosha kuzizuia zisikae kwenye mistari. Inabidi uibane kwa kanieneo kama 25 za hewa ndipo igande.

#4 Chaki Nyeupe

Nimefundisha fizikia sekondari miaka mingi. Mleta uzi, nakuunga mkono kwenye pendulo, lakini nina wasiwasi na njia hii ya kufuata historia. Ukimpitisha mwanafunzi kwa Planck, kisha Einstein, kisha Bohr, anaganda kwa Bohr. Anamaliza shule akiamini elektroni ni sayari ndogo inayozunguka jua dogo, na picha hiyo haitoki tena. Nimewaona wako chuoni wanaichora.

Hata katika atomu ya haidrojeni iliyotulia kabisa hakuna njia ya mviringo. Hesabu ya Schrödinger ya mwaka 1926 inatoa wingu lililo mviringo pande zote, na momenta ya mzunguko wa elektroni kwenye hali hiyo ya chini ni sifuri. Bohr alikuwa ameupa h gawanya kwa 2π. Alikosea hapo, japo nishati aliipata sawasawa.

Mimi siku hizi nawaambia: kwa Bohr chukueni ngazi, acheni njia. Ngazi ya haidrojeni ni eV 13.6 (elektronivolti, kipimo kidogo cha nishati) gawanya kwa mraba wa namba ya ngazi. Elektroni ikishuka kutoka ya tatu kwenda ya pili inatoa eV 13.6 × (1/4 − 1/9), yaani eV 1.89. Huo ni mwanga mwekundu wa nanomita 656, na unaonekana kwa macho. Hicho ni kitu cha kushika. Duara zile zifutwe ubaoni.

#5 Kamba na Jiwe

Mwalimu, nimekubali. Kwa Bohr nilipita njia hiyo hiyo ya sayari na ilinigharimu. Ninachotetea kwenye historia ni kile kipande ambapo fizikia ya zamani inashindwa mbele ya macho yako. Mtu asipoona inaposhindwa, ya kwanta anaipokea kama amri tu.

#6 Mswahili wa Nakuru

Hapa Kenya kidato cha nne tulisoma mwanga kung'oa elektroni kwenye bamba la zinki. Tulipewa fomula, hf ni sawa na kazi ya kung'oa jumlisha nishati ya mwendo, tukatatua maswali. Lakini sikuwahi kuambiwa ni nini kilikuwa cha ajabu. Taa kali inang'oa, taa hafifu haing'oi, si ndivyo akili inavyotarajia?

#7 Chaki Nyeupe

Akili inatarajia hivyo, ndugu, na ndicho kinachokataa kutokea! Weka taa nyekundu kali kiasi gani mbele ya zinki, hakuna elektroni inayotoka. Weka mwanga hafifu wa urujuanimno, zinatoka papo hapo.

Wanafunzi wangu huwa nawapeleka kwenye mwembe. Embe liko juu. Una pembo mia, zote fupi. Ukizishika zote mia kwa pamoja bado hazifiki. Mwenzako ana upembo mmoja mrefu, anaangua. Fotoni, yaani fungu moja la mwanga, ikiwa nyekundu ina kama eV 2, zinki inadai kama eV 4.3 kuachia elektroni moja. Fotoni bilioni za nyekundu ni pembo fupi bilioni. Kuongeza ukali wa taa ni kuongeza idadi ya pembo, kubadilisha rangi ndiko kubadilisha urefu.

Einstein aliliandika hili mwaka 1905, na Nobel yake ya mwaka 1921 ilitajwa kwa ajili ya hili. Robert Millikan wa Marekani hakuliamini, akafanya vipimo miaka kama kumi akitarajia kuliangusha. Mwaka 1916 vipimo vyake vyenyewe vikatoa mstari ulionyooka, na mteremko wa mstari huo ukampa h ya Planck. Namheshimu sana huyo mtu kwa kuchapisha alichokiona badala ya alichokitaka.

#8 Kijana wa Tanga

Wakuu, elektroni ni chembe au ni wimbi? Mwalimu mmoja alisema vyote viwili, mwingine akasema hakuna anayejua. Nimechoka.

#9 Kamba na Jiwe

Kijana, pole. Kuna familia moja ya Uingereza itakusaidia. Baba, J. J. Thomson, mwaka 1897 alionyesha kwamba elektroni ni chembe yenye uzito na chaji, akapata Nobel ya mwaka 1906. Mtoto wake, G. P. Thomson, alipitisha elektroni kwenye utando mwembamba wa metali akaona duara za mawimbi, akapata Nobel ya mwaka 1937. Baba na mwana hawakupingana.

Tazama jaribio la maabara ya Hitachi, Japani, mwaka 1989. Elektroni zilirushwa moja moja kuelekea kwenye kioo cha kupokelea, zikiwa na njia mbili za kupita. Kila moja ilitua kama nukta moja, mahali pamoja. Nukta za mwanzo zimetapakaa kama punje za mchele zilizomwagika. Subiri ziwe maelfu, inajitokeza mistari: penye nukta nyingi, pasipo na nukta, penye nukta nyingi. Mistari hiyo hutokea tu kama kuna kitu kilichopita njia zote mbili na kukutana chenyewe.

Kwa hiyo usiulize ni kipi kati ya hivyo viwili. Inasafiri kwa kanuni za wimbi, inapokelewa kwa kanuni za nukta. Wimbi linakupa uwezekano wa nukta kutua hapa au pale, kama alivyosema Max Born mwaka 1926. Hatuna neno la mtaani la kitu cha namna hiyo kwa kuwa mtaani hatukutani nacho.

Na kwa nini hatukutani nacho, piga hesabu ya de Broglie: urefu wa wimbi ni h gawanya kwa momenta. Mpira wa gramu 430 uliopigwa kwa mita 20 kwa sekunde una wimbi la mita 7.7 × 10⁻³⁵. Hakuna tundu duniani la kuuonyesha. Elektroni iliyosukumwa na volti 100 ina wimbi la nanomita 0.12, karibu nusu ya nafasi kati ya atomu na atomu kwenye metali nyingi. Kila ukikutana na dai la kwanta, weka namba namna hii. Binafsi sijapata mwalimu mzuri kuliko hii kazi ya kuweka namba.

#10 Mwanafunzi wa Kigali

Kwa walio chuo: hapa Kigali kuna taasisi ya Afrika Mashariki ya utafiti wa misingi ya fizikia, iko Chuo Kikuu cha Rwanda na inashirikiana na kituo cha fizikia cha Trieste, Italia, alichokianzisha mwanafizikia Abdus Salam mwaka 1964. Wanafundisha uzamili na uzamivu. Ukitaka kufika huko, jifunze hesabu za matriki na namba changamano mapema. Mimi nilizikwepa, nikalipa baadaye.

#11 Fundi Waya

Mimi ni fundi redio, fizikia yangu ni ya mikono. Mnasema h ni ndogo mno, lakini nyumbani mtu anaweza kuipima. Nunua taa ndogo za LED: nyekundu, ya manjano, kijani na bluu, za kioo kisicho na rangi. Betri ya volti 9, rizista ya omu 1,000, ile voliumu ya kuongezea sauti ya redio mbovu, na multimita. Zima taa za chumba. Ongeza umeme polepole mpaka LED ianze kuonyesha nuru ya kwanza kabisa, soma volti kwenye miguu ya LED yenyewe. Nyekundu inawaka mapema, bluu inachelewa. Kila fundi anajua hilo, ila sikujua kwamba ni Planck yule yule.

#12 Binti wa PCM

Fundi, nimefanya jana usiku na kaka yangu, umeme ulikuwa umekatika kwa hiyo giza lilikuwa la kutosha. Kaka anazungusha, mimi nimeweka jicho kwenye LED. Matokeo:

Nyekundu, nanomita 630: volti 1.70
Manjano, nanomita 590: volti 1.83
Kijani, nanomita 525: volti 2.12
Bluu, nanomita 470: volti 2.40

Nikazidisha volti kwa chaji ya elektroni, kupata nishati ya fungu moja la mwanga, nikagawanya kwa f. Nyekundu imenipa h ya 5.7 × 10⁻³⁴, bluu 6.0 × 10⁻³⁴. Zote ziko chini ya 6.63. Nimerudia mara tatu. Nimekosea wapi?

#13 Kamba na Jiwe

Hujakosea kupima, dada. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika.

Kumbuka pratiko ya pendulo. Wengi hupima kamba mpaka juu ya nati badala ya katikati yake, urefu wote unapungua sentimita moja. Ukitumia kipimo kimoja kimoja, g inatoka mbovu. Ukichora T² dhidi ya L, mstari unasogea pembeni lakini mteremko wake unabaki ule ule, 4π²/g.

LED nayo ina sentimita yake. Jicho lako gizani linaona nuru kabla volti haijafika hf kamili, kwa sababu joto la chumba linazisaidia baadhi ya elektroni kuvuka. Kila rangi inasomeka chini, kwa kiasi kinachokaribiana. Kwa hiyo chora volti dhidi ya f. Nyekundu f yake ni 4.76 × 10¹⁴, bluu 6.38 × 10¹⁴. Tafuta mteremko, zidisha kwa chaji ya elektroni, 1.6 × 10⁻¹⁹.

#14 Binti wa PCM

Nimechora kwenye karatasi ya grafu, nukta zote nne zimekaa karibu na mstari mmoja. Mstari haupiti kwenye sifuri, unakata chini kwenye hasi 0.36 hivi. Mteremko ni 0.70 gawanya kwa 1.62 × 10¹⁴, ukizidisha na chaji h inakuwa 6.9 × 10⁻³⁴.

Kaka anauliza kama tukipata LED ya urujuani nukta ya tano itaangukia wapi. Nimemwambia kwa nanomita 405 isome karibu volti 2.84. Fundi, zinauzwa?

#15 Fundi Waya

Zinauzwa, ulizia kwa wanaotengeneza vifaa vya kukagua noti bandia. Usiitazame moja kwa moja ikiwa imewaka sana, inaumiza macho. Tuletee namba.